Nilivyosawazisha rada ya polarimetria

Rada ya polarimetria hurusha wimbi la mlalo na la wima kwa zamu, na kila mara hupokea yote mawili. Hivyo unapata chaneli nne: HH, HV, VH na VV (H ni mlalo, V ni wima; herufi moja ni ya wimbi lililorushwa, nyingine ya lililopokewa). Nilipewa picha za bendi L (mawimbi ya sentimita 24 hivi) zilizopigwa kwa ndege, nitenganishe msitu uliofurika na msitu mkavu. Kinachotenganisha hasa ni fezi kati ya HH na VV, yaani kiasi ambacho mawimbi hayo mawili yamepishana katika mzunguko wao. Wimbi likidunda majini kisha kwenye shina, fezi huelekea digrii 180; likirudi moja kwa moja kutoka ardhi tupu, hukaribia sifuri. Mitambo ikiongeza fezi yake yenyewe, ramani nzima inadanganya, tena kwa sura ya kuaminika kabisa.

Nilianza na uvujaji kati ya chaneli, yaani ishara ya chaneli moja kuingia kwenye nyingine, kwa njia ya Quegan ya mwaka 1994. Hiyo haihitaji kifaa uwanjani, ila msitu mnene kwenye tambarare, kwani mteremko huvuruga hesabu. Katika msitu wa namna hiyo HV na VH hulingana, na HH haina uhusiano wa kitakwimu na HV. Uhusiano wowote ukionekana, umetoka kwenye antena, unaondolewa.

Lakini msitu haukuambii HH na VV zimepishana kiasi gani. Hapo ndipo panahitajika kiakisi: mabamba matatu ya alumini ya pembetatu, yanayokutana kwa digrii 90 kamili. Wimbi hudunda mara tatu, likarudi lilikotoka na HH na VV zikiwa sawa kwa nguvu na kwa fezi. Chenye kingo za mita 1.5, kwa wimbi la sentimita 24, hung'aa kama shabaha ya karibu mita za mraba 370. Mhimili wake uko digrii 35.3 juu ya sakafu yake, kwa hiyo palipo na pembe ya mwangukio (kati ya wimbi linaloshuka na mstari wa wima) ya digrii 35 nilinyanyua ukingo wa mbele digrii 20 hivi. Kwenye kona ya chini nilitoboa tundu, maji ya mvua yasituame.

Ingekuwa rada ya setilaiti, ningeshughulika pia na mzunguko wa Faraday, yaani kugeuzwa kwa mwelekeo wa mlalo na wima wa wimbi, unaoletwa na ayonosfia, tabaka la juu la hewa lenye chaji za umeme.

Kiakisi kingine nilikiweka ukingo wa mbali wa ukanda wa picha na sikukiingiza kwenye hesabu. Hicho nakitegemea kuliko grafu zote. Fezi yake iliposhuka karibu na sifuri, ndipo nikaanza kuchora mafuriko.