Chupa mbili za dawa ya pua

Kila mwaka mvua zinapoelekea kukatika hapa Mafinga, nyasi za kando ya barabara zikiwa zimefika magotini na kuanza kutoa maua yake yasiyofanana na maua, pua yangu hupata habari kabla yangu. Hupiga chafya saba au nane mfululizo nikiwa bado kitandani, macho huwasha, kamasi jepesi kama maji hunitiririka, na ifikapo usiku pua huziba kabisa. Kwa muda mrefu niliyaita hayo mafua ya baridi, na majirani walikubaliana nami, kwani nani asiyeijua baridi ya Mufindi? Lakini mafua ya virusi kwa kawaida hupungua ndani ya wiki moja au mbili, ilhali yangu yalinikalia hadi mwezi wa saba bila homa hata siku moja. Daktari aliyenipima ndiye aliyeniambia kwamba ni mafua ya mzio (aleji), yaani mwili kukikataa kitu ambacho wengine hakiwadhuru.

Wengi wetu huilaumu misonobari ya msitu wa Sao Hill hapa jirani, kwa sababu chavua yake, ule unga wa manjano wa uzazi wa mimea, huonekana ikielea kwenye madimbwi na kutanda juu ya viti vya baiskeli. Hata hivyo, chembe zake ni kubwa na nzito, na ni nadra kuamsha mzio. Chavua ya nyasi, ambayo huioni wala huifuti popote, ndiyo yenye kesi ya kujibu.

Dawa ya kwanza niliinunua mwenyewe dukani bila kumwona daktari. Muuzaji alinipa chupa ndogo akasema, "Mwalimu, hii inazibua papo hapo," na kwa kweli alisema kweli: dakika chache baada ya kupuliza, nilivuta hewa kama mtu aliyefunguliwa dirisha. Ilikuwa na zailometazolini, ambayo hubana mishipa ya damu iliyovimba ndani ya pua. Kosa langu ni kwamba niliitumia kwa wiki tatu, ilhali dawa za aina hiyo hazipaswi kuvuka siku tano hadi saba. Ukizidisha, kila nguvu yake inapoisha mishipa huvimba upya, nawe hupuliza tena ili kuuondoa uvimbe ambao sasa umeletwa na dawa yenyewe. Ilifika mahali nikawa naamka saa nane za usiku kuitafuta kwa kupapasa chini ya mto. Wenye shinikizo la juu la damu wana sababu zaidi ya kuuliza kwanza kabla ya kuigusa.

Chupa ya pili, niliyoandikiwa na daktari, ilikuwa ya flutikasoni, ambayo ni steroidi, aina ya dawa za kutuliza uvimbe. Neno hilo huwatisha watu, nami lilinitisha, ila kipimo chake ni kidogo na sehemu kubwa ya kazi yake huifanyia puani penyewe, kikiingia kidogo sana kwenye damu. Shida yake kwa mtu mwenye haraka ni kwamba haizibui papo hapo. Hutuliza uvimbe polepole, siku baada ya siku, na huenda zikapita hata wiki mbili kabla hujaona matunda yake yote. Nilipoitumia siku tatu na kuona pua ni ile ile, niliitupa kabatini nikidhani nimeuziwa maji.

Niliporudi kulalamika, daktari hakubishana nami. Alinitaka tu nipulize mbele yake. Nikainua uso juu, nikaielekeza ncha katikati ya pua, nikavuta kwa nguvu zote, na ladha chungu ikanijaa kooni. "Umeinywa hiyo, mwalimu," akasema. Akanifundisha upya: kupenga kamasi kwanza, kutikisa chupa, kuinamisha kichwa mbele kidogo, kisha kushika chupa kwa mkono wa kulia ninapopuliza tundu la kushoto, na wa kushoto kwa tundu la kulia. Kwa namna hiyo ncha huelekea upande wa sikio, mbali na ukuta wa katikati ambao hukauka na kutoa damu ukipigwa na dawa kila siku. Hewa huvutwa taratibu, kama mtu anayenusa ndizi mbivu. Dawa ikifika kooni, ujue umevuta kwa pupa.

Siku ambazo vumbi la kiangazi limezidi, husafisha pua kwanza kwa maji ya chumvi, yaliyochemshwa na kuachwa yapoe, kisha ndipo nikapuliza dawa.

Chupa yangu ina mipulizo 120. Kwa mipulizo miwili kila tundu mara moja kwa siku, hunitosha siku 30, hivyo huandika tarehe ya kuifungua kwa kalamu juu ya lebo, kwani ikiisha huendelea kutoa ukungu kidogo unaodanganya. Mwaka huu nilianza wiki mbili kabla nyasi hazijachanua, kama nilivyoelekezwa. Chafya za alfajiri zimebaki mbili au tatu, na mama watoto ndiye aliyegundua kabla yangu kwamba sasa ninalala nikiwa nimefumba mdomo.