Namna Nilivyopata Feni Salama ya Peugeot 504 Bila Kufuata Ushauri wa Gereji

Nimechoka kuambiwa kwamba feni ya gari la zamani ni chuma tu kinachozunguka, na kwamba yoyote inayokubali bolti inafaa. Gari langu ni Peugeot 504 ya petroli, na feni niliyoikuta humo haikuwa ya kiwandani. Ile ya kiwandani ilikuwa na ustadi wake: ilishikana na puli kwa sumaku ya umeme pale tu maji yalipopata joto, na muda mwingine wote iliachwa huru, hivyo injini haikupoteza nguvu bure. Aliyelimiliki gari kabla yangu aliung'oa mtambo huo, nadhani kaboni yake, kile kipande kinachopeleka umeme kwenye sumaku, ilipolika, akafunga feni ya chuma ya mapanga manne iliyotoka kwenye gari lingine, ikawa inazunguka na injini asubuhi hadi jioni.

Nilipokuwa nikibadilisha mkanda niliona mstari mwembamba kwenye shina la panga moja, karibu na ribiti, ile pini inayolishikilia panga. Fundi wa kwanza alisema tuchomelee. Wa pili alisema nitoe themostati, ile vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, eti feni itapata nafuu. Ushauri huu wa themostati umeenea mno na haufai: ukiitoa, injini haifikii joto lake barabarani na hula mafuta zaidi, ilhali kwenye foleni ya Ubungo, Dar es Salaam, sindano ya joto hupanda vilevile, kwa kuwa kinachokosekana pale ni hewa ya kupita kwenye rejeta.

Kuhusu kuchomelea, nilipiga hesabu nikamwonyesha yule fundi wa kwanza. Feni yenye kipenyo cha sentimita 38, ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, ncha za mapanga yake hukimbia zaidi ya kilomita 350 kwa saa. Panga likikatika katika kasi hiyo, rejeta na boneti si kizuizi, na anayesimama ubavuni mwa injini huku fundi akikanyaga mafuta ndiye aliye hatarini zaidi. Fundi alicheka, akasema mchomeleo wake ni mgumu kuliko chuma chenyewe. Nilimwachia achomelee makusudi, kwa sharti moja: feni isirudi kwenye gari kabla sijaipima.

Kipimo chenyewe ni cha mafuta ya taa na chaki, na sioni kwa nini gereji zetu hazikitumii ilhali gharama yake haifiki bei ya soda. Niliisugua feni mpaka ikabaki chuma kitupu, nikaipaka mafuta ya taa na kuyaacha yapenye kwa muda wa kutosha kunywa chai, kisha nikaifuta kwa kitambaa mpaka ikawa kavu kabisa. Baada ya hapo niliinyunyizia unga wa chaki nyeupe, nikaigonga taratibu kwa mpini wa nyundo, tukasubiri. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa hurudi juu na kuchora mstari kwenye chaki. Ulitokea mstari mmoja pembezoni mwa mchomeleo, mahali ambapo moto ulikuwa umedhoofisha chuma, na mwingine kwenye panga la pili ambalo hakuna aliyelishuku. Fundi aliutazama kwa muda, kisha akapendekeza tuchomelee na hilo la pili! Niliomba grainda nikaikata feni vipande viwili papo hapo, maana nilijua nikiiacha nzima ingefungwa kwenye gari la mtu mwingine kabla ya Ijumaa.

Kwenye maduka ya vipuri ya mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, nilionyeshwa feni ya mapanga membamba yanayojikunja, inayong'aa kama sufuria ya harusi, ikisifiwa kuwa ni ya magari ya mbio. Niliikataa. Mapanga ya aina hiyo hujikunja na kunyooka kila injini inapobadilisha kasi, na chuma chembamba kinachokunjwa mara kwa mara huchoka kwenye ribiti. Nyingine ilikuwa ya plastiki ila imepauka, na nilipolibonyeza panga lilitoa mlio mkavu. Plastiki iliyopikwa na joto kwa miaka mingi haifai hata kama haina ufa.

Nilichochukua ni feni ya umeme ya volti 12, ya aina ya kuvuta, yaani inayokaa nyuma ya rejeta na kuvuta hewa ipite humo, ikiwa na fremu yake iliyozingira mapanga pande zote. Nililipa kama laki moja na kitu, pamoja na rilei, yaani swichi inayoendeshwa na umeme. Kabla ya kulipa nilimwomba muuzaji aiunganishe na betri, nikashika ukurasa wa gazeti upande utakaoelekea rejeta, ukanaswa. Ukisukumwa badala ya kuvutwa, usikubali kudanganywa kwamba utabadilisha nyaya tu. Ni kweli mota itageuka, lakini mkunjo wa mapanga utakuwa umeelekea upande usiofaa na hewa itapungua.

Mafundi wengi hufunga feni hizi kwa vishikizo vya plastiki vinavyopenya katikati ya rejeta, na mtikisiko huvisaga vifereji mpaka vivuje. Mimi nilitengenezewa vipande vya bati nene vilivyoshika fremu ya rejeta yenyewe. Nafasi kati ya mota na puli ya pampu ya maji ilikuwa finyu, kwa hiyo nilichukua donge la unga wa chapati jikoni (nililipia kwa maneno), nikalibandika mgongoni mwa mota, nikaendesha mtaani na kufunga breki kwa nguvu. Puli ilikuwa imeacha alama kwenye donge, jambo lililonionyesha kwamba mauntingi za injini, zile raba zinazoishikilia, zilikuwa zimekwisha. Nilizibadilisha, nikarudia jaribio, na donge likarudi zima.

Kwenye umeme sikubana pesa. Mota yangu hutumia takriban ampea 10 na huvuta zaidi inapoanza, kwa hiyo niliweka fyuzi ya 20 karibu na betri, waya mnene na rilei, huku swichi ya joto ikiiamuru rilei tu. Kwa kuwa feni inaweza kujiwasha hata ufunguo ukiwa umetolewa, nimeandika onyo kwa rangi nyekundu kwenye fremu, na fundi yeyote anayetaka kuingiza mkono hutoa kwanza waya wa betri.

Mlima Kitonga tuliupanda nyuma ya malori yanayotambaa, mahali ambapo upepo wa mwendo hausaidii chochote. Feni ilijiwasha, ikazima, ikajiwasha tena, na sindano haikuvuka katikati. Usiku taa hufifia kidogo feni inapoanza, na kwa kuwa taa kubwa mbili za wati 55 nazo hunywa ampea 9 hivi, natafuta altaneta yenye nguvu zaidi.