Darubini imeijua mbingu ya Lubumbashi

Ba ndugu, jana usiku nimeona Omega Centauri, kundi kubwa la nyota, kwa macho yangu! Nyota mamilioni zimesongamana kama unga uliomwagika, na mwanga wake umesafiri takriban miaka 17,000.

Ila darubini ya kompyuta, ile inayojigeuza yenyewe kwa mota, haijui iko wapi mpaka uiambie. Mchana nililinganisha kidarubini cha kulengea na ncha ya bomba refu la moshi la Gécamines, kampuni ya madini (usilenge kamwe upande wa jua, macho hayanunuliwi). Usiku nikasawazisha miguu mitatu, nikaingiza tarehe na saa. Hapo kuweni makini sana: nchi yetu ina majira mawili ya saa. Ukiweka saa ya Kinshasa, iliyo nyuma yetu kwa saa moja, darubini itakosea nyuzi 15, maana ndivyo anga linavyozunguka kila saa moja.

Maelekezo mengi huanza na Nyota ya Kaskazini. Kwetu, karibu nyuzi 12 kusini mwa ikweta, haionekani. Nikachukua nyota mbili angavu, Arcturus kaskazini na Alfa Centauri kusini, kila moja nikaiweka katikati ya lenzi, nikabonyeza. Mota ikageuka yenyewe hadi Omega!

Kiangazi hiki hakuna mawingu. Wa Katuba na Kamalondo mnaotaka kuangalia, niandikieni.