Maswali tisa yaliyoniondolea aibu Los Baños

Nilipokuwa nikisoma Los Baños, katika jimbo la Laguna nchini Ufilipino, mshauri mmoja aliniambia kwa kujiamini kwamba nisipopata watu mia nne nisijisumbue kuchunguza uhusiano wa kifamilia wala ujirani. Nilimtii. Nikaandaa dodoso la maswali 62 yenye ngazi tano, kuanzia "sikubaliani kabisa" hadi "nakubaliana kabisa", na uchapishaji wake ukanimalizia peso za chakula za karibu wiki nzima.

Nyumba ya kwanza niliwakuta wanakula. Mama akaniambia "kain tayo", yaani tule, nami nikakataa kwa adabu na kufungua karatasi zangu, mtu niliyezaliwa Tanga, kana kwamba sijawahi kusikia "karibu chakula". Alijibu akiwa amesimama mlangoni, mama mkwe wake nyuma yake, na kila swali likapata tano. Nilipouliza kama anaelewana na mama mkwe, bibi yule aliitikia kwa kichwa kabla mkwewe hajafungua kinywa. Baada ya nyumba ishirini na tatu nilikuwa nimepata mtaa wa peponi, ilhali usiku nilisikia kwa masikio yangu majirani haohao wakitukanana kwa ajili ya karaoke.

Hawakuwa waongo. Virgilio Enriquez, mwanasaikolojia aliyeongoza Sikolohiyang Pilipino, yaani saikolojia ya Kifilipino, tangu miaka ya 1970, alitofautisha ibang tao, mtu wa nje, na hindi ibang tao, aliye mmoja wetu. Mimi nilikuwa mtu wa nje mwenye kalamu, nikapewa heshima tupu.

Nikabakiza maswali tisa, kaya 36 na benchi la duka la sari-sari, yaani duka dogo la mtaani. Njia hiyo wenyewe huiita pagtatanong-tanong, yaani kuulizauliza, na anayeulizwa naye ana haki ya kuuliza. Kwa hiyo nilihojiwa mimi kwanza, kuhusu ndoa, mshahara na afya ya mama yangu. Sikuuliza tena kama wanaelewana. Niliuliza: mchele ulipoisha mara ya mwisho kabla ya mshahara, mtoto alitumwa kwa nani? Nani ni ninong, baba wa ubatizo, wa kitinda mimba wako? Mwenye duka akanifungulia daftari la madeni, akafunika majina kwa kiganja na kunionyesha mistari ambayo hataidai kamwe, kwa kuwa ni ya makumare zake, akina mama wa watoto aliowasimamia ubatizo.

Majibu niliyachora kwa mishale kwenye karatasi ya manila (jina limetoka hukohuko), na mishale mingi ikawapita ndugu wa damu na kutua kwa wasimamizi wa ubatizo. Kaya 36 haziizungumzii Ufilipino nzima, wala sikutoa asilimia, lakini nani anamtegemea nani katika mtaa ule nilijua.

Mwishoni nilirudi nyumba ya kwanza, nikala kwanza wali na tuyo, samaki wao mkavu wa chumvi. Mama mkwe alikuwa kanisani. Swali lililomhusu lilijibiwa upya, kwa sauti ya chini, kwa muda wa dakika arobaini.