Nilivyoacha kujitomasa shingo

Baada ya babangu kufariki kwa saratani ya koo, mkono wangu haukutulia. Nilijitomasa nikioga, nikivuka na feri ya Likoni, hata dukani Biashara Street nikimkunjia mteja leso. Chini ya taya, kushoto, palikuwa na kivimbe kama mbegu ya ukwaju, na kilikuwa kinauma.

Daktari wa kwanza alisema si kitu. Nikapumua siku mbili. Wa pili akanipiga ultrasaundi, ikatoka safi. Nikapumua hadi jioni. Usiku nikawa namwamsha mume wangu: "Baba Salma, hebu nishike hapa tena." Maskini, alishika kila mara.

Daktari wa tatu ndiye aliyenielekeza kwa mshauri wa saikolojia, nianze CBT, tiba ya fikra na tabia. Siku ya kwanza niliondoka na hasira. Nilitaka kipimo, nikapewa daftari: niandike saa, nilichowaza, hofu ni ngapi kati ya 100, na nilichofanya. Jumatatu peke yake nilijitomasa mara 43.

Akaniuliza, "Kulia kuna kitu?" Hamna. "Basi kutomase vile vile, siku mbili." Siku ya pili kulia kulikuwa kumevimba, kunauma kama kushoto. Nilikaa kitandani nikalia. Miezi yote ile maumivu nilikuwa nayatengeneza kwa vidole vyangu.

Kilichokuwa kigumu zaidi ni kuacha kuuliza. Paul Salkovskis na Hilary Warwick, watafiti wa Uingereza wa hofu ya magonjwa, waliliandika hili tangu 1986: ukihakikishiwa, hofu hutulia kidogo kisha hurudi ikidai zaidi. Basi tukamwita Baba Salma, tukakubaliana jibu lake liwe moja: "Hilo silijibu, mama, lakini niko hapa." Wiki ya kwanza nilimnunia. Mkono nao niliuchelewesha dakika 5, halafu 15, halafu safari nzima ya feri.

Hospitali sijaihama. Uvimbe mpya ukipita wiki 3, nitaenda kwa daktari mmoja, nisikilize, nirudi nyumbani.

Juzi ferini mkono ulipanda wenyewe hadi kwenye ncha ya mtandio. Nikaushusha, nikashika chuma cha pembeni, kina moto wa jua, hadi tukafika upande wa kisiwani.