Mtoto Anapofumba Mdomo

Neno la juma hili: Hosea 11:1–4 na 1 Wafalme 19:4–8

Katika Hosea 11 Mungu anajieleza kama mzazi wa mtoto mdogo. Anamfundisha Efraimu, yaani watu wake Israeli, kutembea, anambeba mikononi, anamwinamia na kumwekea chakula. Mstari wa pili wa sura hiyo unasema jambo ambalo wengi tunalipita haraka: kadiri watoto hao walivyoitwa, ndivyo walivyozidi kwenda mbali. Mungu anajua kumwandalia mtoto anayegeuza uso. Mama au baba uliyekaa na bakuli mkononi kwa saa nzima, huku mtoto amefumba mdomo, hilo lishike kabla hujasoma maelekezo yoyote: kukataliwa chakula ulichokiandaa si ushahidi kwamba wewe ni mzazi mbaya.

Tafakari hii ni kwa walezi wa watoto wa miezi 6 hadi miaka 2, na kidogo kwa wenye wachanga wanaokataa ziwa. Wapendwa, tusianze na neno "ukaidi". Mtoto wa umri huu hana ukaidi wa namna hiyo. Akikataa kula, ama kuna kinachomuuma, ama ameshiba, ama amejifunza kuogopa kijiko.

Tuanze na maumivu. Mpeleke mtoto penye mwanga na umwangalie mdomoni. Utando mweupe kwenye ulimi na ndani ya mashavu, usiotoka ukiupitishia kitambaa safi chenye unyevu, ni fangasi, na inahitaji dawa kutoka kwa mhudumu wa afya. Mafua nayo huwakatisha watoto kula, kwa sababu mtoto anayenyonya hupumulia puani. Pua ikiziba, inabidi achague kati ya pumzi na maziwa. Matone ya maji ya chumvi yaliyotengenezwa kwa ajili ya pua za watoto, yakitiwa dakika chache kabla ya kumlisha, husaidia sana. Sikio linalouma lina dalili yake: mtoto anaanza kwa hamu, anameza mara mbili tatu, kisha anaachia na kulia. Choo kigumu hupunguza hamu. Fizi zilizovimba pia, na hapo kijiko safi kilichopozwa, akipewa akitafune kabla ya mlo, humpa nafuu.

Upungufu wa damu unastahili kutajwa peke yake. Akiba ya madini ya chuma aliyotoka nayo tumboni huanza kwisha karibu na mwezi wa 6, na maziwa ya mama peke yake hayawezi kuijaza. Damu ikipungua, hamu ya kula nayo hupungua. Asipokula, damu inazidi kupungua. Mzazi anahangaika kubadilisha vyakula kumbe tatizo liko kwenye damu. Viganja na midomo vikipauka, omba kipimo. Nyama, samaki, mayai na jamii ya maharage vianze mapema, mara tu anapotimiza miezi 6, vikisindikizwa na tunda lenye vitamini C ili chuma cha kwenye maharage kifyonzwe vizuri.

Ziko dalili ambazo hazisubiri kesho. Mtoto asiyeweza kabisa kunywa wala kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, aliyelegea au ni vigumu kumwamsha, apelekwe hospitali sasa hivi. Vilevile kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, au akipumua mara 50 au zaidi kwa dakika akiwa na miezi 2 hadi 11, au mara 40 au zaidi akishatimiza mwaka. Vilevile akikaa saa 6 hadi 8 bila kukojoa, akilia bila machozi, macho au utosi ukididimia. Kwa mchanga wa chini ya miezi 2, kukataa kunyonya ni dharura hata kama hana homa. Na homa ya nyuzi 38 kwa mtoto wa chini ya miezi 3 ni dharura hata kama ananyonya. Tunalisema hili kwa uzito kwa sababu wapo wanaodhani kwenda hospitali ni kukosa imani. Ombeni, na mwombe mkiwa njiani.

Kama maumivu hayapo, angalia kiasi. Watoto wengi wanaoletwa kwetu kwamba hawali, wameshiba. Tumbo la mtoto huchukua takriban mililita 30 kwa kila kilo ya uzito wake: mwenye kilo 8 ana nafasi ya mililita 240, hata kikombe cha mililita 250 hakijai. Anapoanza, miezi 6, vijiko vikubwa 2 hadi 3 kwa mlo vinatosha, mara 2 au 3 kwa siku. Polepole ataelekea nusu kikombe. Miezi 9 hadi 11 ni nusu kikombe, milo 3 au 4. Kuanzia mwaka mmoja ni robo tatu ya kikombe hadi kikombe kizima, milo 3 au 4, pamoja na kitafunwa kimoja au viwili katikati. Hadi anatimiza mwaka, maziwa ya mama bado yanaweza kumpa nusu au zaidi ya nguvu anazohitaji, na katika mwaka wa pili theluthi. Kwa hiyo bakuli lililobaki nusu si lazima liwe msiba.

Kisha ujue kwamba baada ya mwaka wa kwanza hamu hushuka kwa kawaida. Aliyezaliwa na kilo 3 hufika karibu 9 akitimiza mwaka, kisha mwaka wote wa pili anaongeza kilo 2 au 3 tu. Mwili unaokua polepole hauombi kama zamani. Shahidi wa kweli ni kadi ya kliniki, si mtoto wa jirani. Mstari wake ukiendelea kupanda kwenye njia yake, hata kama ni njia ya chini, tulia. Mstari ukilala kwa miezi 2 mfululizo au ukishuka, tafuta msaada. Utepe wa kupimia unene wa mkono wa juu nao ukisoma chini ya sentimita 11.5 kwa mtoto aliyefikisha miezi 6, huo ni utapiamlo mkali. Usirudi naye nyumbani bila matibabu.

Kwa kuwa tumbo ni dogo, kinachoingia kiwe kizito. Uji ukiinamisha kijiko na ukamwagika kama maji, unamjaza bila kumlisha; uwe wa kukaa kwenye kijiko. Kijiko cha chai cha mafuta au cha siagi laini ya karanga kwenye bakuli huongeza nguvu bila kuongeza ujazo. Chumvi na sukari hazihitajiki, na asali ni marufuku kabla ya mwaka kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vya sumu inayolegeza misuli, hata ile ya kupumua. Angalia pia anachokunywa. Juisi na chai kati ya milo huua njaa, na chai huzuia chuma. Maziwa ya ng'ombe baada ya mwaka yasizidi mililita 500 kwa siku. Hapo ndipo kesi nyingi za "hataki chakula" zinapoishia, maana mtoto amejaa maziwa tangu asubuhi.

Sasa mlo wenyewe. Mkalishe wima, mgongo umeegemea, miguu imepata pa kukanyaga, uso wake ukitazamana na wako. Simu na televisheni zizimwe. Asiwe amelemewa na usingizi, wala asiwe ametoka tu kunyonya akashiba. Kijiko kiwe kidogo, chenye kina kifupi, kimejaa nusu. Kilete mbele ya midomo, kisha subiri. Kusubiri huku ndiko kunakowashinda wengi. Akifungua mdomo, weka kijiko juu ya ulimi bila kukiinua, umwache mdomo wa juu ukombe mwenyewe. Usikwangue chakula kwenye fizi ya juu, maana hapo unammiminia wala hali. Akisogea mbele na kufuata kijiko kwa macho, anataka. Akigeuza kichwa, akifumba mdomo, akisukuma mkono wako, ametosheka kwa sasa. Mpumzishe kidogo, jaribu tena mara moja au mbili kwa sauti ya upole, kisha malizeni. Mlo usipite dakika 30. Mlo au kitafunwa kinachofuata kije baada ya saa 2 au 3, bila vitu vya kumtuliza hapo kati.

Akiutoa uji kwa ulimi siku za mwanzo, hajakataa. Ni mwendo wa ulimi aliozaliwa nao, na kwa kawaida hufifia kati ya miezi 4 na 6. Akikohoa, akawa mwekundu na kufanya kama anataka kutapika kwa kishindo, anajifunza. Mwache amalize, usimwingize kidole. Anayekabwa hatoi sauti, hawezi kulia, na midomo hubadilika rangi: huyo, kama hajafikisha mwaka, mlaze kifudifudi juu ya mkono wako kichwa kikiwa chini, mpige mapigo 5 katikati ya mabega kwa kisigino cha kiganja, mgeuze, msukume kifua katikati mara 5, rudia huku mwingine akiita msaada. Karanga nzima, zabibu nzima na vipande vigumu visimkaribie.

Chakula kipya kinahitaji kuonjwa mara 8 hadi 10, wakati mwingine zaidi, katika siku tofauti, ndipo kikubalike. Wazazi wengi huhitimisha "hapendi" mapema mno. Weka nusu kijiko cha chai kando ya anachokijua, usiseme neno. Usimwache pia kwenye vyakula laini kama maziwa kwa muda mrefu: kufikia miezi 8 apewe vilivyopondwa kwa uma na vipande laini vinavyopondeka kati ya vidole viwili, avishike mwenyewe. Watoto wanaocheleweshwa vipande kupita miezi 9 au 10 mara nyingi huvikataa kwa muda mrefu baadaye.

Hapa tunaomba msikilize kwa moyo wote: kumbana pua, kumshika mikono, kumlaza chali na kummiminia uji kuachwe kabisa. Chakula kinaweza kuingia kwenye njia ya hewa na kuleta nimonia. Na hata kisipoingia, mtoto anajifunza kwamba kijiko ni hatari. Anaanza kulia akikiona tu, naye mzazi anaongeza nguvu, na kesho kilio kinaanza akiona kiti. Aliyefika hapo hatibiwi kwa siku moja. Kwa juma zima au mawili, ondoa madai yote. Mpe kijiko chake ashike, achafue, apake. Kaa ule naye. Weka vile tu anavyovikubali, hata kama ni viwili, na maziwa yaendelee kama kawaida. Siku atakaposogeza mdomo mwenyewe, mpe kijiko kimoja na usishangilie kupita kiasi. Kipimo cha uzito kila juma kitakuonyesha kama una muda wa kungoja hivyo.

Katika Hosea Mungu anaweka chakula mbele yao. Hatuoni mahali anapowafungua vinywa kwa nguvu. Yale yaliyo juu ya mzazi ni mengi: nini kiliwe, saa ngapi, wapi, na kwa upole gani. Kufungua mdomo na kiasi gani kimezwe, hayo Mungu ameyaweka kwa mtoto, naye tangu tumboni amempa njaa na shibe za kumwongoza. Eliya naye, akiwa amelala chini ya mti wa mretemu na hataki hata kuishi, aliguswa na kukuta mkate na maji karibu na kichwa chake. Akala, akalala tena. Malaika hakumkaripia kwa kulala. Alirudi mara ya pili akamgusa, akamwambia ale kwa sababu safari ilikuwa kubwa. Mtoto aliyeacha bakuli saa 4 asubuhi anastahili bakuli la saa 6 litolewe kwa uso uleule.

Kwa wenye wachanga wanaokataa ziwa ghafla: mvue mtoto, mweke kifuani ngozi kwa ngozi, mwanga upunguzwe, mpe anapoanza kuamka au anaposinzia, wakati hajawa na hasira. Kamulia matone machache mdomoni mwake. Maziwa yakitoka kwa kasi hadi anapaliwa, egemea nyuma ili yapande badala ya kushuka. Manukato au sabuni mpya kifuani iache. Na kila baada ya saa 2 au 3 kamua, umnyweshe kwa kikombe kidogo, ili maziwa yasipungue wakati mnasubiri arudi.

Kwa waliotoka kuugua, Marko 5:43 inatosha kutuelekeza: Yesu alipomwinua binti wa Yairo, aliagiza apewe chakula. Wakati wa ugonjwa mnyonyeshe zaidi, mpe kidogo kidogo kila mara. Akipona, ongeza mlo mmoja kwa siku kwa majuma 2.

Na kwa kanisa lote, juma hili tusimwambie mama yeyote "mbona mtoto amekonda". Amekwisha kuliona, na amelala nalo. Muulize yeye amekula saa ngapi mara ya mwisho. Mpelekee chakula, mshikie mtoto mpaka amalize, na siku ya kliniki ikifika, twende naye, tubebe mfuko na kadi, tukae naye kwenye benchi hadi aitwe.