Kratera mbili za mvinyo, Firenze na Cerveteri

Nilishuka kituo cha Santa Maria Novella asubuhi, nikatembea robo saa na ushei hadi uwanja wa Santissima Annunziata, penye makumbusho ya akiolojia. Humo imo kratera ya François, chungu cha kuchanganyia mvinyo chenye kimo cha sentimita 66. Ergotimos aliifinyanga na Kleitias akaichora, Athens, mnamo mwaka 570 K.K. Mwaka 1900 mlinzi wa makumbusho aliirushia kigoda ikavunjika vipande 638. Ilivyoungwa upya ni kazi ya kuheshimiwa.

Tazama mdomo kwanza. Ni mpana kwa sababu ndipo kazi ilipofanyika: mvinyo ulimiminwa kutoka kwenye amfora, mtungi wa kuhifadhia mvinyo, maji kutoka kwenye mtungi wa hidria, kisha mhudumu akachota kwa jagi na kujaza vikombe. Mgiriki muungwana hakunywa mvinyo usiochanganywa. Kipimo cha Hesiodos, mshairi wa Kigiriki wa kale, ni maji sehemu tatu kwa mvinyo sehemu moja.

Kesho yake, kutoka Roma, nilipanda treni hadi Ladispoli, halafu basi la kwenda Cerveteri. Huko ipo kratera ya mchoraji Euphronios wa Athens, ya mwaka 515 K.K. hivi, iliyorudishwa Italia kutoka New York mwaka 2008. Inaingia takriban lita 45. Kwa kipimo kile, hayo ni maji lita 34 na mvinyo lita 11. Ikijaa, hakuna wa kuizungusha karamuni. Ilikaa mahali pamoja, jagi ndilo lililotembea.

Chuchumaa uangalie mishikio. Imebandikwa chini kabisa, kwenye tumbo, ikijikunja kwenda juu, hivyo ukuta wote ukabaki huru kwa picha ya Usingizi na Mauti wakimwinua Sarpedon, shujaa aliyeuawa katika vita vya Troya.

Weusi wake si rangi, ni udongo uliochujwa ukawa laini mno, kisha ukapakwa juu ya chungu. Tanuri lilipashwa moto hadi nyuzi 800 hivi matundu yakiwa wazi, kisha yakazibwa na kutiwa kuni mbichi, moto ukapanda hadi 900 na zaidi. Chungu chote kikawa cheusi. Matundu yalipofunguliwa tena, udongo wa kawaida ulivuta hewa ukarudi kuwa mwekundu, ule laini ukiwa umeshajifunga kama kioo. Moto ukipungua katika hatua ya pili, udongo huo laini haujifungi vizuri, nao unarudi kuwa mwekundu kwa mabaka. Kwenye kratera nyingine kabatini, zungukia upande wa nyuma: mabaka hayo utayakuta.